Mjadala: Tela za njia ya Tabora–Kigoma zisanifiwe kwa ngazi nyingi, au jedwali moja la hesabu ya uzito linatosha?

Hoja iliyowekwa mezani: karakana ziache kunakili ramani ya tela la jirani. Zianze na uboreshaji wa ngazi nyingi, gari zima likiwa juu, kisha chasi, springi, ekseli na breki.

Mhandisi, Tabora: Naunga mkono. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa mbili za nyuma ya kichwa zenye matairi pacha, 24 kwa tatu za tela. Jumla 50. Kichwa kikiwa na tani 9 na tela 8, mzigo ni 33. Ngazi ya juu inagawa malengo: chasi uzito wake, springi ugumu wake. Kila ngazi inajibu inachoweza, na tofauti inarudi juu ili malengo yapangwe upya. Chasi ikisanifiwa peke yake, fundi huongeza bati "kwa usalama", na mzigo, yaani chumvi ya Uvinza, ndio unaopunguzwa.

Fundi wa tela, Kigoma: Mizani hainikamati kwa jumla, inanikamata kwa ekseli! Kutoka pini ya tela, inayoliunganisha na kichwa, hadi katikati ya ekseli tatu kukiwa na mita 7.8, kitovu cha uzito wa tela na mzigo kikae mita 4.57 nyuma ya pini. Kikisogea sentimita 10, nusu tani inahama. Hiyo ni hesabu ya mizani tu, jedwali linaimaliza.

Mhandisi, Tabora: Inamaliza uzito uliosimama. Springi ngumu hupeleka mshtuko kwenye chasi. Springi laini hulaza tela kwenye kona. Namba moja, mabwana wawili.

Msanifu, Tabora: Na hapo ndipo mbinu hukwama. Chasi ina makadirio yake ya ugumu wa springi, springi ina yake. Adhabu ya kutokubaliana, yaani gharama ambayo hesabu inatozwa makadirio hayo yakitofautiana, ikiwa kubwa tangu mwanzo, hesabu inaganda kwenye kisio la kwanza; ikiwa ndogo mno, hazipatani kamwe. Anza ndogo, ipandishe taratibu. Tena, usiiachie kompyuta ikimbilie chuma chembamba chenye nguvu kubwa: ugumu wake ni uleule wa chuma cha kawaida, kwa hiyo chasi inapinda zaidi, na uchovu, yaani nyufa zinazoletwa na mitikisiko ya kurudiarudia, kwenye maungio ya kuchomelea haupungui. Weka kikomo cha kupinda na cha uchovu kabla hujabonyeza kitufe.

Fundi wa tela, Kigoma: Kikomo cha uchovu kinataka vipimo vya mitikisiko ya barabara yenyewe, tela likiwa limejaa na likiwa tupu. Karakana ya watu sita inavitoa wapi?

Msanifu, Tabora: Vihisi vichache kwenye tela moja, safari ya kwenda na kurudi. Karakana tatu zikichanga, inawezekana. Bila hivyo, nakubali, bakini na jedwali.