Rotifa wanakufa pipa likiwa juani: ni mwanga au ni maji?

Mfugaji wa Kaole, Bagamoyo:
Ndugu zangu, salaam. Ninafuga rotifa wa maji chumvi, yaani wanyama wadogo mno waishio majini, kwa ajili ya kulishia vifaranga wachanga wa samaki aitwaye mwatiko. Nina mapipa mawili ya lita 200 yenye maji yaleyale, chumvi gramu 25 kwa lita, na yote nayalisha maji ya kijani kutoka chombo kimoja. Pipa lililo chini ya kibanda cha makuti linaendelea vizuri. Lililo uani hustawi siku tatu, kisha alasiri ya siku ya nne maji hukolea ukijani, na nikiyachota kwenye glasi naona vile vidoa vyeupe vimelala chini badala ya kuzungukazunguka. Je, jua lenyewe ndilo linalowaua?

Fundi wa vifaranga, Tanga:
Pole kwa hasara, ndugu yangu. Rotifa hufugwa hata gizani, mradi wapate chakula na hewa. Wanaowalisha hamira wanalijua hilo. Kinachowaua ni yale ambayo jua huyafanya ndani ya maji. Ule ukijani ni mimea midogo, nayo ikipigwa na jua kali hufyonza kaboni dioksidi, pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua) hupanda, na amonia itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula hugeuka sumu. Maji yakiwa na pH 8, sehemu iliyo sumu ni kama asilimia 5 ya amonia yote, ikifika 9.3 ni karibu nusu, na joto la pipa la plastiki huizidisha. Usiku mimea hiyohiyo hutumia oksijeni badala ya kuitoa, kwa hiyo pampu ya hewa isizimwe kamwe. Pima pH alfajiri na tena saa tisa alasiri, maana kipimo cha asubuhi peke yake kitakudanganya.

Mwanafunzi wa zamani, Mbegani:
Nakubaliana na ndugu wa Tanga, ila nisingependa mtu aelewe kwamba mwanga hauna kazi. Mayai ya Artemia, kijidudu cha maji chumvi ambacho nacho hulishwa vifaranga wa samaki, huhitaji mwanga saa za mwanzo baada ya kulowekwa ili yaanguliwe vizuri, na watoto wake huufuata mwanga, ndiyo maana wakati wa kuvuna hufunikwa juu na kumulikwa chini. Vifaranga wa samaki nao huwinda kwa macho, kwa hiyo tangi lao lisiwe na giza hata kama la rotifa lina kivuli. Jambo jingine, masika mto Ruvu ukimwaga maji baharini chumvi hushuka ghafla na tope huzidi. Ukijaza pipa bila kupima, rotifa watashtuka hata siku ya mawingu.

Mfugaji wa Kaole, Bagamoyo:
Nawashukuru sana. Nimepima siku mbili mfululizo: alfajiri 8.1, alasiri 9.4. Nimetandika neti nyeusi ya kivuli juu ya pipa la uani, nimepunguza maji ya kijani, na jua nimeliachia chombo cha mimea peke yake. Leo asubuhi, kwenye kioo cha kukuzia, majike wengi walikuwa wamebeba mayai, baadhi yao mawili au matatu.