Blanketi la viraka vya vitenge: kona hazikutani, na ndani niweke nini?

SindanoJioni:
Habari zenu wadau wa uzi na sindano. Mimi niko Dodoma, Nkuhungu, sio fundi, kazi yangu ya ofisini, ila jioni nikishamaliza ya nyumbani nakaa kwenye cherehani, ile Singer nyeusi ya mguu niliyoachiwa na mama. Sasa kuna fundi hapa mtaani huwa anatupa mabaki ya vitenge, yale yanayobaki akikata sare za kwaya na magauni ya sendoff, mengi yanaishia kuwashia mkaa, nikamwomba awe ananiwekea kwenye kiroba. Vipande ni vizuri jamani, vingine nimetamani hata nimuulize mwenye gauni alinunua wapi.

Basi nimeanza blanketi la viraka, miraba ya inchi 5 kwa 5, nimeshaunga safu kadhaa lakini nikiweka safu juu ya safu kona hazikutani, huku imezidi huku imepungua, safu moja ndefu nyingine fupi na zote zina idadi sawa ya vipande. Nakosea wapi?

Alafu ndani niweke nini? Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Dodoma usiku mnaijua, na ule upepo, nataka blanketi la kufunika kweli sio pambo la kochi. Kuna aliyeniambia sponji nyembamba. Na la mwisho, nina vipande vyekundu na bluu iliyokolea vitakaa karibu na vyeupe, naogopa kuchuja, nimeambiwa niloweke kwenye maji ya chumvi, ni kweli?

Na nyie wekeni mnachoshona sasa hivi, hata kama sio viraka, tuone.

FundiMstaafu:
Binti hapo tatizo ni mawili, ukataji na akiba ya mshono, yaani kile kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo. Kwanza kitenge ukikikata mshazari kinavutika, hata kama umepima 5 kwa 5 ukishaunga kinakuwa kingine. Fuata uzi wa kitambaa. Tafuta upindo wa kiwandani, ule wenye maandishi, uwe ndio msingi wako, na kama kipande hakina upindo chomoa uzi mmoja uone unaelekea wapi ndio uweke kibao. Usikate kwa futi na chaki kila mara, kata kibao kimoja cha boksi gumu cha inchi 5 utumie hicho hicho mpaka mwisho, kingo zikilika tengeneza kingine.

Pili mshono. Ukila robo inchi kila upande mraba unabaki inchi 4 na nusu, ukila nusu inchi unabaki 4. Sasa wewe huku unakula robo huku unazidisha kidogo, kwenye kipande kimoja huoni, kwenye safu nzima inakuwa vidole viwili. Bandika selotepu ya karatasi kwenye bati la chini ya sindano, robo inchi kutoka sindano inaposhukia, kitambaa kitembee kimegusa hiyo selotepu muda wote. Macho yawe kwenye selotepu, sindano iache ifanye kazi yake.

Alafu pasi. Safu ya kwanza mishono yote ilaze kulia, ya pili yote kushoto, ukiziunganisha zile nundu zinaingiliana na kona zinakaa zenyewe. Weka pini hapo hapo kwenye kona kabla ya kushona. Na pasi iwe unaishusha na kuinyanyua, usiiburuze, ukiburuza unavuta vipande upya. Kama ni ya mkaa ipulizie nje kwanza, jivu moja tu kwenye kitenge cheupe ni kilio.

MamaMpwapwa:
Sponji hapana mdogo wangu, usijaribu. Siku ya kufua inanyonya maji inakuwa nzito haikauki, na baada ya muda inakatika katika ndani unabaki na mabonge upande mmoja. Nenda Sabasaba au Majengo kwenye mitumba utafute blanketi jepesi la manyoya, lile laini la plastiki plastiki, hata kama lina doa haijalishi linafichwa ndani. Lifue kwanza. Chini weka shuka la pamba, nalo lifue kabla, pamba mpya inarudi na ikirudi baada ya kushona blanketi lote linajikunja.

Mimi langu nilitandaza sakafuni shuka, blanketi, viraka juu, nikapiga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda pembeni, ukianzia pembeni unasukuma hewa yote katikati inakuwa kilima. Kushona zile tabaka tatu kwa cherehani ya mguu inawezekana ila weka sindano namba 16, refusha mshono na uende taratibu. Au usishone kabisa, chukua uzi mnene, kila kona ya mraba pitisha chini juu ufunge fundo. Inashika vizuri tu na ukitazama tv unafunga mafundo yako.

Kwa sasa nashona mifuko ya sokoni, vitenge nje na ndani gunia la sukari lililofuliwa, inabeba hadi mahindi.

Bibi_Batiki:
Hiyo ya chumvi hata mimi nimeikuta, bibi zetu wote waliloweka. Ila nimetia rangi vitambaa muda mrefu, chumvi inasaidia wakati ule unatia rangi, inaisukuma iingie kwenye pamba. Kitenge kimeshatoka kiwandani rangi iliyobaki juu juu haishikwi na chumvi, hiyo dawa yake ni kuitoa tu. Na ingekuwa chumvi inazuia basi sisi tunaofulia maji ya chumvi ya visima vya huku kusingekuwa na nguo inayochuja 😂

Fua vyekundu peke yake maji baridi na sabuni, rudia mpaka maji yatoke meupe. Alafu lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Cheupe kikibaki cheupe endelea. Kikipata wekundu hicho kipande usikipeleke kwenye blanketi, kifanye kishikio cha sufuria.

Jembe_Singida:
Wanaume tupo pia msitusahau. Mimi nashona mito ya kochi kwa khanga, kazi ni kuhakikisha jina linakaa katikati ya mto lisikatwe, kwa hiyo napima kuanzia maandishi kwenda nje, sio kuanzia pindo. Wageni wakija wanasoma mito kwanza ndio wanasalimia.

SindanoJioni angalia pia kama mabaki yako yote ni pamba. Siku hizi vitenge vya plastiki vimejaa na vinang'aa vizuri kuliko pamba, ila ukipitisha pasi ya moto vinajikunja. Chomoa nyuzi mbili tatu uchome na kiberiti, pamba inanuka karatasi inaacha jivu laini, ile nyingine inayeyuka inabaki kigololi kigumu. Tenga mafungu mawili, usichanganye kwenye blanketi moja.

SindanoJioni:
Shikamoo fundi, na asanteni wote. Nimebandika selotepu jana usiku nikaunga safu mbili mpya, kona zimekutana karibu zote, nilitaka kuamsha nyumba nzima. Nimechoma na nyuzi, kiroba changu karibu nusu ni plastiki, tena zile nilizokuwa nazipenda ndio plastiki zenyewe. Hizo nitamfuata mama Mpwapwa kwenye mifuko ya sokoni.

Fundi swali moja, zile safu za mwanzo zilizopinda nifumue zote au naweza kuzipunguza kingo?

FundiMstaafu:
Marahaba. Usipunguze kingo, mraba wa pembeni utakuwa mdogo na jicho litaenda hapo hapo kila siku. Fumua ile mishono iliyozidi tu, pima kwanza upate ipi. Kata uzi kila baada ya mishono mitatu minne upande mmoja alafu vuta uzi wa upande wa pili unatoka wote, usivute kitambaa.

MamaMpwapwa:
Na fumua mchana, usiku macho yanakudanganya unakata kitambaa. Gunia la sukari likikusumbua kulipata niambie huku yapo.