Naomba ushauri: dawa za zamani za marehemu baba nazitupaje?

Msakatonge: Wakuu, salaam. Baba alifariki, kaacha stoo yenye dawa za kilimo za siku nyingi. Nataka kuisafisha. Nichome moto, nifukie, au nimwage kwenye choo cha zamani kisichotumika? Niko Kibaigwa. Majibu ya haraka, matusi sitaki.

Kuli wa Sokoni: Pole kwa msiba mkuu. Uza. Hapo Kibaigwa mnunuzi wa kitu chochote hakosekani.

Bibi Shamba: Kuuza dawa iliyoisha muda ni kuuza sumu. Halafu vijana wa siku hizi, udongo wa kaburi haujakauka mshashika mafagio.

Dizeli: Mnazichukulia poa. Mimi wa Kibaha. Pale Vikuge ililetwa shehena ya viuatilifu mwaka 1986, msaada kutoka Ugiriki, nyingine zimeshaisha muda. Banda likaanguka, mvua ikafanya yake. Waliokuja kupima udongo miaka mingi baadaye waliikuta DDT bado imo. Nina hadithi ndefu ya ng'ombe wa mjomba, nitarudi.

Afisa Mstaafu: Dawa gani? Ya maji, unga au vidonge?

Msakatonge: Mchanganyiko tu mkuu.

Afisa Mstaafu: Mchanganyiko si jina. Soma kopo.

Msakatonge: Sawa. Chupa chache za maji, na vile vidonge vya kijivu vya mahindi, vya gesi. Kopo moja kifuniko kimelegea, jingine limetuna. Ila nimeyaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa hiyo hayana neno.

Afisa Mstaafu: Yana neno kubwa. Hiyo ni aluminiamu fosfaidi. Ikikutana na unyevu, hata wa hewani, inatoa gesi ya fosfini, inayoua na inayoweza kuwaka. Ukimwaga chooni umeitafutia maji. Kwenye ndoo iliyofungwa gesi inajikusanya. Usiiguse tena. Stoo imepakana na nini?

Msakatonge: Chumba kimoja tu.

Afisa Mstaafu: Kina mtu?

Msakatonge: Mpangaji na mwanawe. Dari ni moja. Lakini hajalalamika, alisema tu usiku anasikia harufu ya vitunguu saumu, nikajua anapika. Na shimo nimeshachimbisha, fundi kalipwa.

Bibi Shamba: Yesu wangu.

Kuli wa Sokoni: Wape maziwa fresh, yanakata sumu.

Afisa Mstaafu: Hayakati. Harufu hiyo ya vitunguu saumu ndiyo gesi yenyewe, na haina dawa ya kuipinga, hospitali wanapigania mapafu na moyo tu. Watoke sasa hivi, wasisubiri kesho. Mwenye kichefuchefu au kifua kubana aende hospitali na aseme jina la dawa. Piga zimamoto 114. Makopo wataondoa watu wenye vifaa; ulizia TPHPA, wale wa viuatilifu, kupitia afisa kilimo wa kata. Shimo fukia likiwa tupu.

Mpekuzi: Subirini. Hii chai. Kwenye uzi wa kazi za Oman huyu huyu alisema ni yatima, kalelewa na shangazi. Baba wa stoo katoka wapi?

Dizeli: Nilijua! Nimeacha ng'ombe wa mjomba kwa ajili ya chai.

Kuli wa Sokoni: Sukari iko wapi, tuongeze?

Msakatonge: Mume wa shangazi ndiye baba yangu! Mnataka cheti cha kifo?

Mpekuzi: Picha ya kopo inatosha.

Afisa Mstaafu: Asirudi humo kupiga picha!

Mama Kweka: Mimi huwa nasoma tu. Nina kopo kama hilo chini ya kitanda, halijafunguliwa. Nalo nipigie zimamoto?

Afisa Mstaafu: Dada, kama ni zima na halijatuna, lisifunguliwe. Litoke chumbani likakae pakavu penye hewa, mbali na watoto, ufungie kwa kufuli. Kisha afisa kilimo.

Msakatonge: Mpangaji kaenda kwa dada yake na mtoto. Zimamoto wako njiani. Ila anadai kodi, na alilipa miezi sita. Namrudishia yote au ya miezi iliyobaki?

Bibi Shamba: Yote. Na nauli.