Mrejesho: kona zetu sasa zinazaa mabao
Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini timu yetu ya vijana hapa Kongwa hupata kona nyingi bila kufunga, nami naleta mrejesho kwa shukrani. Tumeacha kurundikana mbele ya kipa: sasa wanne huanzia karibu na alama ya penalti, mmoja hukimbilia nguzo ya karibu kuuparaza mpira kwa kichwa, na beki wetu mrefu huibukia nguzo ya mbali. Kwa kuwa upepo wa huku huyumbisha mipira ya juu, mpigaji huupiga usawa wa kichwa tu. Jumamosi tulifunga hivyo; kipa alitoka, mpira ukawa umeshampita. Kona fupi bado inatusumbua, kwani mpigaji akirudishiwa mpira mapema hukutwa ameotea.