Tupeane uzoefu: wenzetu wa shule za mapadre na masista, Tabora na Kigoma, waliotangulia mbele za haki

Kijana wa Isevya
Wakuu, Novemba hiyo inabisha hodi. Nataka kuandikisha misa ya tarehe 2, Kumbukumbu ya Marehemu Wote, kwa ajili ya wenzetu tuliosoma nao. Nimekaa na daftari tangu jana, majina hayaji. Wengine nawakumbuka kwa utani tu. Kila mtu aweke anaowajua, na habari ilimfikiaje. Naanza mimi: Tingatinga, mpiga kengele ya kuamka, na Kibatari, yule wa kusomea taa ya mafuta ndani ya blanketi hadi akaunguza shuka.

Binti wa Cheyo
Jamani, Tingatinga? Lini? Mbona hatukuambiana.

Fundi wa Urambo
Sukari. Kwanza walimkata kidole, kisha mguu. Tulimzika kwao masika yaliyopita, mvua inanyesha, kaburi linajaa maji tunachota kwa ndoo. Wa darasa letu tulikuwa wachache mno.

Mwembe Dodo
Mwandikeni na Mwalimu Nyerere basi, maana ni mtu wa St. Mary's.

Fundi wa Urambo
Pale alifundisha, hakusoma. Alisoma Tabora Boys, tena ya serikali. Uzi ni wa wanafunzi.

Mwembe Dodo
Mwalimu naye ni mtu wa shule, acha roho mbaya. Alifundisha pale mpaka akaenda Edinburgh 1949.

Binti wa Cheyo
Huyo ana watu wake wa kumwombea, Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu tangu 2005. Turudi kwa hawa wetu wasio na wa kuwataja.

Mha wa Kasulu
Mmenitonesha. Hii sijawahi kuiandika popote.

Tulikuwa kidato cha tatu, shule ya mapadre nje ya mji wa Tabora, wenyewe mnaijua. Kitanda cha juu yangu alilala kijana wa Kigoma, simtaji jina, mama yake huenda yu hai. Akashikwa na homa Jumapili. Mwenye funguo za zahanati akasema malaria tu, akampa klorokwini. Mnaikumbuka ilivyokuwa ikiwasha? Alijikuna usiku kucha, mimi namkuna mgongo kwa rula. Jumanne akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, ananiita kwa jina la kaka yake. Tulikwenda kugonga mlango wa wakubwa, tukaambiwa tungoje kukuche. Tulipokubaliwa, Landrover ya misheni ikagoma kuwaka. Bweni zima tuliisukuma hadi barabarani, wengine na kaptura za kulalia. Hospitali alifika akiwa hai. Alfajiri haikumkuta.

Jeneza alilitengeneza Bruda pale karakana, la mninga, nasi tukapiga msasa. Kufungua sanduku lake la bati ili tumtolee nguo safi, ndani tukakuta galoni ya asali, amefunga kifuniko kwa mpira wa baiskeli isivuje. Alikuwa akimwekea mama yake hadi likizo.

Mimi na kiranja tukatumwa pamoja na mwalimu mmoja kumsindikiza. Jeneza behewa la mizigo, sisi daraja la tatu na galoni ile miguuni. Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, kila stesheni watu wanauza kuku na karanga madirishani, wanacheka, nami najiuliza mbona dunia inaendelea. Kumbe shule ilishapeleka telegramu: MWANAO MGONJWA SANA ANALETWA KWA TRENI. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Treni inaingia Kigoma, namwona mama amejifunga kanga mbili, ameshika chupa ya uji. Akatufuata sisi tuliovaa sare, akauliza, "Mgonjwa wangu yuko behewa lipi? Anaweza kutembea?"

Mwalimu alikuwa bado anashuka. Kiranja akatazama chini. Mimi nikampa asali.

Binti wa Cheyo
Nalia hapa ofisini.

Kijana wa Isevya
Daah. Pole sana mkuu.

Mwembe Dodo
Huo ulikuwa ukatili. Telegramu iseme kweli, mama ajiandae. Unampikisha mtu uji wa maiti?

Bi Mgebuka
Mwanangu, wewe bado mdogo. Habari ya msiba haipelekwi kwa karatasi. Angeisoma peke yake, angeanguka nani amdake? "Mgonjwa sana" kila mtu mzima alijua maana yake.

Mwembe Dodo
Shikamoo mama. Ila angejua, asingepika uji.

Bi Mgebuka
Marahaba. Mama hupika hata akijua. Nimezika wawili, usinifundishe.

Fundi wa Urambo
Mimi nalaumu waliosema wangoje kukuche. Telegramu ni ya mwisho kabisa.

Kisima cha Kaliua
Mkuu wa Kasulu, mtafute mama huyo umwambie mwanawe alivyoondoka.

Mwembe Dodo
Asimtafute! Miaka yote hii, unakwenda kumfukulia mtu kaburi?

Kisima cha Kaliua
Aende na sukari na kanga, maneno yatajileta yenyewe. Au aende na asali nyingine.

Mha wa Kasulu
Nimewasoma wote. Sijui hata kama bado anakaa Mwanga.

Mwana Ujiji
Assalam aleikum. Nami nilipita shule hizo. Serikali ilishazitaifisha kwa ile Sheria ya Elimu ya 1969, kwa hiyo bweni moja tulilala Waislamu na Wakristo. Wenzangu wakienda kanisani jioni, sisi tuko bombani tunatawadha. Ninao watatu, Waislamu, wamekwishatangulia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwandikaji, daftari lako lina nafasi?

Mlei Mkongwe
Kwa heshima zote, Misa huandikishiwa wabatizwa. Hao wasomewe hitima.

Fundi wa Urambo
Nani kakudanganya? Kila Misa padre anawaombea marehemu wote, hachagui. Hata katekisimu uliikimbia nini?

Mlei Mkongwe
Nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya, wewe hata zaka hulipi.

Kijana wa Isevya
Wakuu, taratibu. Mwana Ujiji, tuma majina matatu yako. Paroko nitaongea naye mimi.

Mwana Ujiji
Nashukuru. Na hitima nitawasomea wote, wa kwenu na wa kwetu. Sisi pilau lipo.

Mwembe Dodo
Mimi nahamia hitima.

Kisima cha Kaliua
Mwandike na mwenzetu wa treni ya Juni 24, 2002, ile ya Igandu kule Dodoma, treni ya abiria ilipokosa breki kilimani, ikarudi nyuma ikaivaa ya mizigo. Walikufa watu 281. Tulimtambua kwa mkanda wa shule, aliuvaa hadi utu uzima.

Binti wa Cheyo
Nasi wa masista tuna wetu. Darasa letu miaka ya tisini liliisha kama sabuni. Kila msiba tunaambiwa "kifua", "malaria sugu", "karogwa na mke mwenza". Hakuna aliyetaja UKIMWI. Rafiki yangu aliyenifundisha kusuka ukili alikufa kabla dawa hazijaanza kutolewa bure 2004. Wangewahi kidogo tu! Mwandike, na usiandike "kifua".

Mlei Mkongwe
Kwenye nia ya Misa hauandikwi ugonjwa, dada.

Binti wa Cheyo
Najua. Nimesema tu.

Bi Mgebuka
Umesema vema.

Chumvi ya Uvinza
Habari zenu. Nimeletewa uzi huu na mtu aliyenipigia simu analia. Mimi ndiye Kibatari. Nipo Uvinza, nauza chumvi, nina wajukuu. Nani kanizika?

Kijana wa Isevya
Haaa! Kibatari? Tuliambiwa ajali ya lori, tena kuna mtu alitupa hadi siku ya arobaini!

Chumvi ya Uvinza
Lori lilipinduka kweli, aliyekufa ni utingo. Kuna mtu alipita na daftari Tabora akikusanya rambirambi yangu?

Fundi wa Urambo
Tulichanga. Mimi nilitoa.

Mwembe Dodo
Nami, na hela ilipokelewa kwa mkono, hakuna risiti. Huyo mpokeaji yumo humu, ajitokeze.

Mlei Mkongwe
Msinitazame mimi.

Bi Mgebuka
Nani kakutazama?

Kijana wa Isevya
Orodha naifunga Ijumaa. Tumeni majina ya ubatizo tafadhali, paroko hawezi kusoma "Tingatinga" altareni. Kibatari nimekufuta.

Chumvi ya Uvinza
Usinifute, nihamishie kwenye nia za walio hai, biashara ngumu. Na kijana wa Kasulu, mama unayemsema kama mwanawe alikuwa na kovu juu ya jicho, namfahamu. Hununua chumvi kwangu akienda kwa binti yake Nguruka. Nitumie namba yako pembeni.