Tupeane uzoefu: utafiti wako ulikukutanisha na fani gani usiyoitegemea?

Fundi Mlimani

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdogo wangu kanibishia jana kwamba utafiti ni kazi ya watu wa maabara, hao wengine wa chuo kikuu wanagawa madodoso tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho tunakiita Mlimani, kilianza 1961 kikiwa na kitivo kimoja, Sheria, kwenye jengo la TANU pale Lumumba. Leo ukitembea kutoka Utawala hadi Uhandisi unapishana na mtu anayepima nguvu ya zege, anayefuata anarekodi ngano za bibi zake, wa tatu kabeba konokono kwenye ndoo. Hilo kila mtu analijua. Ninachotaka tusimuliane ni siku tatizo lako lilipokutoa idarani kwako likakupeleka kwa watu ambao hata lugha yao huijui.

Naanza mimi. Niliwahi kusaidia kutunza vyura wa Kihansi pale Mlimani. Kwa wasiomjua, ni chura mdogo sana, hafiki sentimita 3, hatagi mayai bali anazaa vitoto, na duniani kote alikuwa akiishi sehemu moja tu: korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, penye manyunyu ya maporomoko. Aligunduliwa 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 umeshashika kasi. Mwaka 2000 maji mengi yakageuziwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama.

Mtu wa zuolojia peke yake hapo angefanya nini? Wahandisi walifunga mabomba ya kunyunyizia maji korongoni ili kuiga manyunyu, na vyura wakaanza kuongezeka. Halafu 2003 wakaporomoka ghafla. Ukaonekana ugonjwa wa ukungu wa ngozi, kazi ya watu wa magonjwa ya wanyama. Wengine wakashuku viuatilifu vya mashamba ya juu ya mto vilivyoshuka na tope bwawa lilipofunguliwa, kazi ya wakemia na watu wa kilimo. Nani alipe gharama za maji ambayo hayazalishi umeme? Hapo wanasheria na wachumi wakavuta viti. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini, 2010 wengine wakarudishwa kutoka Marekani hadi kituo chetu, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Kazi yangu mimi ilikuwa kufuga wadudu. Chura halishwi ugali, anataka vijidudu hai kila siku, kwa hiyo ukifuga chura unafuga na chakula chake. Mtu wa wadudu akawa bosi wangu kuliko mtu wa vyura. Karibuni.

Mzee wa Ngarambe

Wajukuu zangu, mmenirudisha mbali. Nilikuwa mwanafunzi wa historia 1968 ulipoanza Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Tulitumwa vijijini kusini kuwasikiliza wazee waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita vya 1905 hadi 1907. Wakati ule kulikuwa na wasomi Ulaya walioamini kwamba Mwafrika hana historia isiyoandikwa na mkoloni, kwa hiyo tulikuwa na kiburi kidogo cha ujana.

Kiburi kiliisha kwa mzee wa kwanza. Ukimuuliza "mwaka gani?" anakutazama tu. Ikabidi kujifunza kuuliza: ulikuwa umeshaingia jando? Mama yako alikuwa amebeba nani mgongoni? Hiyo ni kazi ya watu wa mila na koo, si ya historia tuliyofundishwa darasani. Wazee walipoeleza dawa ya Kinjekitile, mganga wa vita ile, yaani maji yenye mafuta ya mbarika na punje za mtama, ukajikuta unahitaji mtu wa mimea.

Lakini kilichonishangaza ni njaa. Tulikwenda kuuliza habari za risasi, tukarudi na habari za maghala. Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Vijiji vikabaki mahame, pori likarudi, wanyama wakarudi na mbung'o wao. Sehemu ya nchi hiyo baadaye ikafanywa pori la akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Nyerere. Mtalii anayepiga picha tembo pale hajui anatazama matokeo ya vita. Kulieleza hilo vizuri unahitaji mwanahistoria, mtu wa wadudu na mtu wa misitu wakae meza moja, na mimi siku hizo sikumjua hata mmoja wa hao wawili.

Dereva wa Fildi

Shikamoo mzee. Mimi sina shahada, niliendesha Land Cruiser za miradi hadi nilipostaafu, ila fani zote mnazozitaja zimekaa kiti changu cha mbele.

Watu wa miamba hawafiki safari. Kila barabara ilipokatwa mlimani, "dereva simama", nyundo kok kok, jiwe ndani ya gari. Ukirudi chuoni springi zimelala. Watu wa mimea wanataka magazeti ya zamani, mengi, wanabania majani katikati ya kurasa, na usiku hawalali kwa sababu lazima wabadilishe karatasi yasiote ukungu. Watu wa wadudu wanawasha taa na shuka jeupe saa nne usiku halafu wanafurahi mbu wakija. Waakiolojia wanachekecha udongo kutwa nzima, jioni wanakuonyesha kigae na wanataka ushangae.

Wa sosholojia ndio wagumu kuliko wote. Gari halitakiwi kuingia kijijini na vumbi, linaachwa kwa mwenyekiti. Wakishaanza kuongea na bibi wa watu hawaondoki mpaka chai, na chai ikija wanaanza upya. Lakini ndio waliokuwa wananiokoa. Kuna kijiji watu wa maji walifukuzwa, wananchi wakidhani wamekuja kupima ardhi iuzwe. Safari iliyofuata tulikwenda na dada mmoja wa sosholojia, akakaa nao siku nzima bila kufungua daftari, kesho yake kisima kikapimwa.

Daktari wa Meno

Dereva, umenigusa pazuri. Mimi nilisoma Muhimbili kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Mlimani, kabla hakijasimama chenyewe 2007.

Ukanda wa Arusha na Kilimanjaro una meno ya kahawia, wote mnajua. Sababu inayotajwa ni floraidi kwenye maji, inayotokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sasa watafiti wa meno walikutana na kitendawili: kijiji kina maji yenye floraidi kidogo, na bado watoto meno yameungua. Kijiji kingine maji yaleyale, meno meupe. Pima maji tena, jibu lilelile.

Jibu lilikuwa jikoni. Magadi. Yale ya kulainishia maharage na makande, na hata kwenye kiborou, chakula cha mtoto mdogo. Magadi mengine yana floraidi nyingi mno, inategemea yamechotwa wapi. Daktari wa meno hafundishwi kumuuliza mama anapika nini na magadi kanunua soko gani. Aliyejua kuuliza hivyo ni mtu wa lishe, na aliyejua kwa nini magadi ya eneo moja ni tofauti na ya lingine ni mtu wa jiolojia.

Kuna na upande wa kusafisha maji. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia mojawapo ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa iliyochomwa. Kikemia inafanya kazi vizuri. Halafu mwananchi anauliza: mifupa ya mnyama gani, na nani kachinja? Hilo swali mkemia hana jibu lake, na usipolijibu chujio linabaki stoo.

Mama Tunu

Daktari samahani, tuache magadi? Mie maharage bila magadi gesi inaniishia.

Daktari wa Meno

Mama Tunu, loweka maharage usiku, mwaga maji yale, gesi itakutosha. Kwako wewe mtu mzima meno yako hayatabadilika rangi sasa, jino linaharibika linapojengwa bado halijachomoza. Wa kumwangalia ni mtoto mdogo, chakula chake usikitie kabisa. Kwa mtu mzima hofu ni mifupa, floraidi nyingi kwa miaka mingi si salama.

Kimbunga

Naomba kutofautiana nanyi wakuu. Hadithi tamu, ila vyuoni kwa ndani mambo si hayo. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala zake. Ukiandika na watu sita wa idara sita, alama mnagawana, na kamati ya idara yako inauliza "hii ni fizikia kweli?" Nimeyaona chuo fulani, sikitaji. Siku tangazo la fedha za wafadhili likitoka, kila mtu ghafla ni wa fani mtambuka, majina yanakusanywa usiku, mradi ukipita kila mmoja anarudi ofisini kwake na fungu lake. Wanaokutana kweli ni mafundi na madereva.

Binti wa Paje

Assalaam alaykum. Kaka Kimbunga usemayo yapo, lakini njoo Unguja uone mwani.

Mwani ulianza kutafitiwa na Profesa Keto Mshigeni wa Mlimani tokea miaka ya sabini, na kilimo chenyewe cha biashara kwetu Paje kikaanza 1989. Mamangu ni mkulima. Tunapanda kwa mambo, yaani vigingi, na kamba, tunashuka wakati wa bamvua maji yakitoka. Kuna aina mbili, spinosum na kotonii, na kotonii ndiyo yenye bei. Basi kotonii ikaanza kuoza, inageuka nyeupe inakatika. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo iko hapahapa Unguja chini ya Mlimani, wakapima, ikaonekana maji ya pwani kina kifupi yamezidi joto.

Jawabu la bahari ni jepesi: hamishia mwani kina kirefu, maji ya baridi. Jawabu la wanadamu si jepesi. Wakulima wengi ni wanawake, na wengi hawakufunzwa kuogelea. Wanataka mashua, na mashua ni ya wanaume. Mtu wa bahari ikabidi asikilize mambo ya ndoa na ya nani ana idhini ya kushuka baharini saa ngapi. Dk. Flower Msuya wa taasisi hiyo akaenda mbali zaidi ya majaribio ya nyavu za kina kirefu, akasaidia wakina mama kutengeneza sabuni za mwani badala ya kuuza mkavu kwa bei ya kutupa. Sabuni ni kemia, kuuza ni biashara. Mie nilikuwa nikisaidia kujaza fomu za mauzo, na mamangu ndiye aliyewafahamisha kwamba fomu yao haikuwa na pahala pa kuandika mwani uliochukuliwa na mawimbi.

Panya Buku

Hii si ya Mlimani, lakini SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ilikuwa kitivo cha kilimo cha Mlimani hadi 1984 kwa hiyo naomba niruhusiwe. Pale Morogoro utafiti wa panya ulikuwa wa kuwazuia wasile mahindi. Sasa shirika la APOPO wanawafunza panya buku wakiwa palepale SUA, wananusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja, Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alipewa medali ya dhahabu Uingereza 2020 kwa kazi yake Kambodia. Adui wa bwana shamba kawa mfanyakazi wa hospitali.

Kigae

Nyongeza fupi. Laetoli, eneo la akiolojia kule Ngorongoro, kulipangwa kujengwa makumbusho. Kabla ya ujenzi watafiti wa Mlimani wakachimba mashimo ya kuangalia kama jengo lingeharibu kitu. Mashimo yale yakafunua nyayo mpya za watu wa kale, za miaka milioni 3.66, zikatangazwa 2016. Zilizojulikana zaidi kabla ya hapo ni za 1978. Michoro ya jengo ilituonyesha pa kuchimba, wakati sisi tuliosomea kuchimba tulikuwa na mipango ya kwingine.

Mwaka wa Pili

Wakubwa zangu shikamooni. Mimi nasoma uchumi, nataka kufanya tasnifu kuhusu bei ya magadi sokoni Arusha baada ya kusoma hapa. Naanzia wapi? Naogopa kufukuzwa kama wale watu wa maji.

Dereva wa Fildi

Marahaba mwanangu. Barua ya utambulisho na kibali unaanzia chuoni kwako. Ukifika mkoani unaripoti kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakushusha wilayani, wilayani wanakupeleka halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha wa kijiji au mtaa. Usiruke ngazi hata moja hata kama mtendaji ni shemeji yako. Beba nakala nyingi, kila ofisi inabaki na yake. Ukitaka kuuliza mambo ya afya za watu, hapo kuna kibali cha maadili cha peke yake, kiombe mapema, hakitoki kwa wiki. Na Zanzibar wana utaratibu wao.

Daktari wa Meno

Na ununue sampuli kidogo kwa kila muuzaji, uandike yametoka wapi. Bei utaichambua wewe, ila mtafute mtu wa kemia hapo chuoni akupimie. Nitumie ujumbe faragha, nina mmoja wa kukuelekeza.

Mwaka wa Pili

Asante daktari. Nimeshatuma.