Tiketi ya timu ya taifa, kikosi cha majaribio: mashabiki wa hoki Ulaya tunapigwa mchana kweupe

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Tampere, Finland, na leo sitazunguka. Sisi mashabiki wa hoki ya barafu huku Ulaya tunauziwa mbuzi kwenye gunia kila mwaka, na wanaotuuzia ni wenye mchezo wenyewe.

Kwa asiyefuatilia: timu nne za taifa, yaani Finland, Sweden, Ucheki na Uswisi, zina mzunguko wao wa kila mwaka unaoitwa Euro Hockey Tour. Ulianza msimu wa 1996/97. Kwa kawaida Novemba zinakutana huku Finland kugombea Kombe la Karjala, Desemba zinakwenda Uswisi, Februari Sweden, kisha zinamalizia Ucheki mwezi wa tano, siku chache kabla ya mashindano ya dunia. Kila timu inacheza mechi tatu kati ya Alhamisi na Jumapili, pointi zinajumlishwa, na mwisho wa msimu anapatikana bingwa. Haya, panda basi hapa Tampere umuulize abiria yeyote bingwa wa msimu uliopita ni nani. Hajui. Na huu ni mji wa klabu mbili kubwa za hoki, Tappara na Ilves, mji ambao watu wanaamka na hoki na kulala na hoki.

Hajui kwa sababu wenye mashindano wameshayageuza bonanza. Bonanza halina ubaya wake, ila hawasemi kuwa ni bonanza, wala hawatozi bei ya bonanza.

Tiketi zinaingia sokoni miezi mingi kabla ya mechi. Kikosi kinakuja kutangazwa karibu kabisa na mashindano, wakati hela yako imeshaliwa. Kwenye tangazo unawekewa jezi ya nchi, simba kifuani, maneno mazito ya heshima ya taifa. Ukifika ukumbini unakuta orodha ya majina ambayo hata sisi tunaofuatilia ligi ya hapa kila wiki tunayatafuta kwenye simu.

Nilikwenda na mwanangu. Tiketi nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, aliyekuwa amepamba ukurasa wake kwa picha za Barkov na Rantanen, nyota wa Finland wanaocheza Marekani. Mtoto alivaa jezi namba 16, ya Barkov. Wachezaji walipoingia kupasha misuli alishuka hadi kwenye kioo kinachozunguka barafu, akawa anasoma namba mgongo kwa mgongo, anarudi kwenye karatasi ya majina, anainua macho anaanza upya. Wakamaliza, wakaingia ndani, yeye bado amesimama pale. Akaniuliza kama Barkov ataingia kipindi cha pili. Barkov alikuwa Florida, kazini kwake, na aliyeweka zile picha alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Nikaandika kudai hela yangu. Jibu lilikuwa kwamba kikosi kinaweza kubadilika bila taarifa. Kibadilike kutoka wapi? Barkov hakuwahi kuwemo!

Sababu haina siri. Ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, inaanza Oktoba, na haisimami Novemba wala Desemba kupisha timu za taifa, tofauti na soka lenye kalenda ya FIFA ambayo klabu inaiheshimu ipende isipende. Msimu wa kawaida unakwisha Aprili, mtoano unaendelea hadi Juni. Kwa hiyo Barkov, Rantanen, Aho na Heiskanen wa Finland hawapatikani. Pastrňák wa Ucheki hapatikani. Josi na Hischier wa Uswisi hawapatikani. Mwezi wa tano ndipo wanaweza kuja wawili watatu ambao klabu zao zimetolewa mapema. Siwalaumu wachezaji hata kidogo, mkataba ni mkataba. Hata hawa wanaocheza ligi za huku siwalaumu wanapoomba udhuru. Ligi ya Finland ina mechi 60 za msimu wa kawaida, na zile siku chache za Novemba ndizo pekee ambazo mtu mwenye goti bovu anaweza kulipumzisha.

Zamani haikuwa hivi, na ndiyo maana wazee wa huku wakisikia majina ya mashindano haya bado macho yanawaka. Shindano la Desemba lilikuwa Moscow. Lilianza 1967, baadaye likabeba jina la gazeti la Izvestia, na alama yake ilikuwa mtu wa theluji. Wasovieti walikuwa wanashusha kikosi chao cha kweli, kwa sababu wachezaji wao hawakuwa na ruhusa ya kwenda kucheza Marekani wala Kanada. Ukiwafunga Moscow, umewafunga wenyewe. Mpaka mwaka 1989 ulipofika na milango ikaanza kufunguka, mafundi wa Urusi na Ucheki wakaufuata mshahara, na ni haki yao. Sasa miaka zaidi ya thelathini imepita, ubora umehama, lakini tiketi bado inauzwa kwa sifa ya enzi zile.

Mnataka mfano wa karibu? Novemba 2024, tarehe 1 na 2, NHL ilileta mechi mbili hapahapa Tampere, Florida Panthers na Dallas Stars. Barkov, mzaliwa wa mji huu, akiwa nahodha wa Florida. Lundell upande wake. Upande wa pili Heiskanen na Hintz. Mji ulisimama. Mwezi huohuo likachezwa Kombe la Karjala, na wao walishapanda ndege kurudi kazini. Nyota wa nchi hii walikuja nyumbani wakiwa na jezi za klabu za Marekani, wakacheza mbele ya mama zao, wakaondoka. Jezi ya nchi ikavaliwa na wengine siku chache baadaye. Hakuna kiongozi wa shirikisho hata mmoja aliyeona hilo ni jambo la kukaa na kuzungumza na NHL?

Na msiniambie haiwezekani. Februari 2025 NHL ilisimamisha ligi yake ili kucheza 4 Nations Face-Off, Montreal na Boston, timu zikiwa Kanada, Marekani, Sweden na Finland. Ucheki, waliokuwa mabingwa wa dunia wa 2024, hawakualikwa. Uswisi, waliocheza nao fainali ile ya Prague, hawakualikwa. Kumbe ligi inasimama, ila safari ile ilisimama kwa shindano lao, kwao, kwa hela yao. Mashirikisho ya Ulaya yakaitikia mwito kama watoto wa shule. Sweden na Finland walikwenda wakawaacha wenzao wa mzunguko nyuma, na sikuona yeyote akigonga meza.

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba mashindano haya ni ya kukuza vijana. Nakubali, na hapo ndipo hasira inaponipanda zaidi, maana thamani yake naijua. Mwaka 2019 Finland ilichukua ubingwa wa dunia Bratislava ikiwa na kikosi ambacho karibu hakina mtu wa NHL. Nahodha alikuwa Marko Anttila, mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, akichezea Jokerit ya Helsinki. Nusu fainali na Urusi iliyojaa nyota, goli pekee la mechi lilikuwa lake. Fainali na Kanada, akapachika mawili, ikaisha 3-1. Kocha Jukka Jalonen hakuwaokota watu wale barabarani. Walitoka kwenye mechi hizihizi za Novemba na Februari ambazo wenye nazo wanazichukulia kama mzigo. Na Novemba 2020, korona ikiwa imepamba moto, Urusi ilileta vijana chini ya kocha Igor Larionov wakabeba Kombe la Karjala mbele ya timu za wakubwa. Nililifurahia lile shindano, kwa sababu tuliambiwa mapema kwamba wanakuja vijana na vijana wakaja.

Basi semeni hivyo kila mwaka. Andikeni kwenye tangazo: hiki ni kikosi cha ligi za Ulaya, kuna watakaovaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza, njooni muwaone kabla dunia haijawaona. Mimi nitakuja, na mwanangu nitamwambia habari za kijana yule anayecheza mechi yake ya kwanza na mama yake kakaa safu ya tatu. Hiyo ni habari nzuri ya kutosha. Hakuna haja ya kutundika sura ya mtu aliye Florida.

Kuna na hili la mechi kuhamishwa. Shindano moja lina mechi sita, na mara nyingi moja inachezwa nchi nyingine kabisa. Shindano linaitwa la Finland, mechi ya kwanza iko Sweden au Ucheki, kisha timu mbili zinapanda ndege kuja kucheza tena Jumamosi miguu ikiwa mizito. Mashabiki tunaona timu iliyochoka, na bei ileile.

Majina nayo yamekuwa mabango. Shindano la Wacheki limewahi kubeba jina la benki, kampuni ya simu, kampuni ya bima, hadi kampuni ya kamari. La Sweden limepita kwa kampuni ya televisheni na friji, mchezo wa kubashiri, hadi duka la vifaa vya ujenzi. Letu huku Karjala ni bia. Wadhamini wanahitajika, sikatai. Lakini shindano lisilo na jina lake haliwezi kujenga historia, na lisilo na historia hakuna anayekumbuka bingwa wake.

Halafu mlango wa kuingia kwenye mzunguko. Urusi walikuwamo kwenye mzunguko tangu mwanzo. Desemba 2021 waliingia barafuni Moscow kucheza na Finland wakiwa na jezi za CCCP, yaani za Muungano wa Kisovieti wa zamani. Miezi miwili baadaye wakaivamia Ukraine, na tarehe 28 Februari 2022 shirikisho la dunia likawafungia. Nafasi ikabaki wazi. Uswisi wakaingizwa, na wamestahili, medali za fedha za dunia 2024 na 2025 zinasema. Lakini kwa nini mlango ukafungwa tena papo hapo? Slovakia walichukua shaba ya Olimpiki 2022. Mwaka 2023 Ujerumani walipata fedha ya dunia na Latvia wakapata shaba, bunge la Latvia likakutana usiku kutangaza kesho yake mapumziko. Nchi inayoipenda hoki kiasi hicho haina nafasi kwenye mzunguko huu? Wajerumani wana shindano lao la Novemba, Deutschland Cup, lililoanza 1987, wanaalikana huko na wenzao wa nje. Wiki ileile ya Kombe la Karjala! Wangeweza kukaa meza moja, nafasi moja ikawa ya mgeni anayeingia kwa matokeo ya mashindano ya dunia.

Atakuja mtu kuuliza Mswahili na hoki wapi na wapi. Vijana wa Ice Lions wa Kenya wanafanya mazoezi Nairobi kwenye kile kiwanja cha hoteli ya Panari, ambacho ni kidogo kuliko kiwanja cha kimataifa, na wanaujua mchezo huu vizuri kuliko wengi wanaonicheka. Na watoto wetu tunaowalea huku wanateleza barafuni kwenye kipindi cha michezo shuleni tangu darasa la kwanza. Kwao timu ya taifa ya Finland ni timu yao. Wanastahili kutodanganywa.

Ninachodai si kikubwa. Kikosi kitangazwe kabla ya tiketi, au mwenye tiketi awe na haki ya kuirudisha baada ya kikosi kutoka. Picha za wasiokuja ziondolewe. Bei ya mechi zisizo na nyota ishuke, watoto wa shule waingie kwa bei ya basi, maana nafasi wazi zipo na kila mtu anaziona kwenye televisheni. Na bingwa wa mzunguko mzima akabidhiwe kombe lake mbele ya watu, kwenye mechi ya mwisho, siyo kwa mstari mmoja kwenye taarifa ya habari.

Wadau mlioko Stockholm, Zürich na Prague, nisaidieni: kuna yeyote aliyewahi kurudishiwa hela baada ya kikosi kutangazwa? Kama mlifanikiwa, mlimwandikia nani na mlitumia kifungu gani? Wekeni hapa ili na sisi wa Finland tuanzie hapo.